Daftari la Gati

Ukurasa wa kwanza umeliwa na mchwa.
Wa pili ni mwandiko wa Yokana Kisitu, karani:
pamba ya Busoga, marobota arobaini,
meli imechelewa, mvua.
Hakuandika nani aliishi kisiwani
kabla ya malale,
kabla ya amri ya kuhama
na moto kwenye mapaa.
Bibi alisimuliwa: mbuzi walibaki,
wakalia ufukweni siku tatu,
Buvuma wakawasikia.

Sasa ni mukene juu ya nyavu,
injini za Yamaha, ushuru, deni la petroli.
Mwaka ule ziwa lilipanda, likameza ngazi sita.
Ya saba tunafulia.

Nimeongeza mstari, kwa kalamu ya bluu,
chini ya marobota:
mbuzi, idadi haijulikani.