Karanga, Njugu

Nimevuka Holili kwa muhuri mmoja,
noti zangu tano zikageuka bunda:
tajiri wa siku moja, fundi viatu wa Taveta.
Mlima nao umenigeukia. Kwetu ni Mawenzi, meno yaliyomeguka;
hapa Moshi wanaamka na Kibo, kipara kinachong'aa.

Dirishani nikasema, "Nipe tikiti moja."
Binti akaninyamazia.
Nikakumbuka nilipo. "Naomba, mwanangu. Naomba moja."
Akatabasamu, akanikatia.

Mpira wa kikapu siujui sana.
Najua viatu. Jozi kumi sakafuni, soli zinalia
kwi, kwi, kama vifaranga juu ya mbao,
nami nasoma visigino: huyu analalia kushoto,
yule gundi yake haifiki robo ya tatu.
Namba kumi na nne simtafuti kwa uso.
Wayo ule wa arobaini na tisa naujua.
Darasa la saba, Taveta nzima haikuwa na kiatu chake;
nikamkatia ndara kwenye tairi la lori.
Shuleni wakamcheka.
Akarudi, akasema tu, "Baba, zinadumu."

Hapa hawamjui hivyo.
"Mzuieni huyo mlingoti!" anapaza jirani yangu,
shali la bluu, sauti ya mtu aliyezoea kuita watoto
ng'ambo ya korongo. "Alinyonyeshwa na nani huyo, twiga?"

Na Wakesho. Yuko mchangani mwaka wa sita.
Nikatazama magoti yangu.

Akanisogezea kikaratasi. "Kula karanga, baba."
"Asante kwa njugu."
Akaacha kutafuna.
"Kumbe wewe ni wa upande ule."
"Ndiyo."
"Basi yule mrefu ni wenu?"
Ningeitikia tu, nikaishia hapo.
"Ni wangu," nikasema.

Sekunde tisa, pointi moja nyuma.
Mwakio mstarini, mitupo miwili.
Ukumbi mzima miluzi, mabati yanaitikia,
watoto wanapiga viti mateke.
Wa kwanza ukagonga chuma.
Kwa wa pili
Mama Elinami (jina nililijua baadaye)
alishakusanya pumzi, vidole viwili mdomoni.
Akavitoa. Akavifuta kwenye shali.
Safu yetu, tulinyamaza watu wawili.

Ukaingia.
Tukafungwa hata hivyo, dakika za nyongeza,
naye akashangilia mpaka shali likaanguka, ni haki yake.

Nje, Mwakio aliinama kunikumbatia.
Kiatu cha kushoto kimeanza kuachama.
"Kilete Jumapili," nikamwambia.
Hatukusema mengi zaidi.

Usiku, mpakani, ofisa wetu akamulika mfuko.
"Umebeba nini, mzee?"
"Karanga."
Akafungua kile kikaratasi, akaonja moja.
"Hizi ni njugu," akasema,
akanigongea muhuri.