Weka Alama ya Vema

Kliniki ya Jumanne, juu kilimani Bugando.
Karatasi moja, peni ya bluu iliyofungwa uzi mezani.
Maswali kumi na manane, kila swali visanduku vitano:
Kamwe. Nadra. Mara chache. Mara nyingi. Kila mara.
"Weka vema panapokuhusu," kasema nesi Nyanzobe,
na mimi, Holo binti Lushinge, miaka arobaini na mmoja,
karani wa mizani kiwanda cha sangara,
nikaanza kwa kuhesabu vigae vya sakafu.

Swali la tano: Ni mara ngapi unahisi
kama unasukumwa na injini ndani yako?
Nikacheka. Mzee mwenye kikohozi akageuka.
Injini naijua. Nimekulia Igombe,
baba alikuwa na Yamaha ya farasi kumi na tano.
Naijua inavyonguruma mtu akiachia usukani,
mtumbwi ukajizungusha wenyewe, duara juu ya duara,
povu jeupe, na safari hakuna.
Hilo halina kisanduku.

Sehemu ya pili: Utotoni, kabla ya miaka kumi na miwili.
Utoto wangu naukumbuka kwa midomo ya watu.
Mtukutu, alisema shangazi. Ana jini, alisema jirani.
Mwalimu Bujiku, la tatu, la nne, la tano,
sentensi ileile: Ana akili ila hatulii.
Wino mwekundu. Vema sikuiona.

Ninachokumbuka mwenyewe ni hiki:
nimewekwa kulinda dagaa mchangani, fimbo mkononi,
korongo wamesimama kama wakaguzi,
na kule majini likainuka wingu la visubi,
jeusi, refu, likijisokota kama moshi wa tanuru.
Nikalifuata. Nililifuata mpaka Kayenze, au karibu nayo.
Niliporudi mchanga ulikuwa mtupu.
Mama hakunipiga. Alikaa tu, akauangalia.
Ni mara ngapi? wanauliza.
Dagaa waliliwa mara moja.
Mama anauangalia ule mchanga kila mara.

Fomu inataka shahidi, mzazi au ndugu.
Nikampigia. Simu ikaita hadi nikasahau nampigia nani.
"Wewe? Ulikuwa mtulivu kabisa, mwanangu."
"Na wale dagaa, mama?"
"Dagaa gani?"

Unamuuliza msahaulifu amesahau mara ngapi:
zile alizozisahau atazihesabu vipi?

Nikajaza, hivyohivyo, kama mtu anayeruka madimbwi.
Nikairudisha. Nikateremka ngazi.
Nimeshafika getini, nawaza bei ya barafu,
nasikia viatu vinakuja mbio nyuma yangu:
"Dada Holo! Ukurasa wa pili hujaugusa.
Na mwavuli wako huu.
Na peni yetu, tafadhali."

Nikatazama mkono wangu.
Uzi ulikuwa umekatika, unaning'inia.