Sehemu ya Maelezo

Mfumo uliletwa Sikonge mwezi wa saba
na kijana wa Dodoma mwenye kompyuta mbili.
Stoo, mauzo, uhasibu, mishahara:
vyote, alisema, sasa vitakula sahani moja.
Tukapewa nywila. Tukapewa soda.
Daftari la Nyamizi likapandishwa juu ya kabati.

Nyamizi amestaafu, yuko Nzega kwa bintiye,
na mimi, Kashindye wa hesabu,
nasoma kwenye kioo: asali, daraja la kwanza, ndoo sitini na mbili.
Nahesabu sakafuni. Sitini na moja.
Mihambo wa mauzo anahesabu kwa mguu, akizigusa. Sitini na moja.
Mteja wa Arusha yuko kwenye simu.
"Mfumo haudanganyi," anasema meneja.
Ndoo nazo hazidanganyi. Zimekaa tu.

Nikapanda kiti, nikashusha daftari.
Kurasa zimegandana kwa nta,
mwandiko wa kalamu nyekundu umelalia kushoto:

Ndoo 17 ina ufa mdomoni, usiipange chini.
Mzani wa mlangoni huongeza robo kilo umeme ukiwa mdogo.
Wa Ipole wakichelewa wasikatwe, mto umejaa.
Ndoo moja iko kwa Shija fundi, anapimia mifuniko. Kumkumbusha Ijumaa.

Ijumaa ipi, haikuandikwa.

Na pembeni, kwa herufi kubwa:
YA MAGANGA ILILALA KARIBU NA BANI LA TUMBAKU.
WAMEIPA DARAJA LA KWANZA. NUSA.

Nilimpigia jioni. Alicheka mpaka simu ikakwaruza.
"Mbona niliuliza, siku ile ya soda?
Nikasema, mwanangu, harufu tunaiandika wapi?
Akanijibu, mama, hiyo tutaiangalia baadaye."

Chini kabisa ya fomu,
ukishusha kidole mara tatu,
kuna kisanduku kinaitwa Maelezo.
Ndoo elfu mbili zimepita humu tangu mwezi wa saba;
kisanduku cheupe, kama sahani ya mgeni asiyefika.

Nimeanza na ya Maganga.
Nimeandika: Nusa kabla ya kuuza.
Mfumo ukaniuliza, Je, una uhakika?
Sina. Nimebonyeza Ndiyo.

Dakika haijapita, Mihambo yuko mlangoni,
ametoka upande wa pili wa ukuta, simu mkononi.
"Umeandika ninuse. Ninuse nini?"

Nikafungua kifuniko. Akainama.
Akakaa kimya muda mrefu kuliko nilivyotegemea,
kisha akavuta ndoo ya pili, ya Ipole,
akaifungua mwenyewe,
apate kulinganisha.