Punje ya Ulezi

Pombe ndiyo iliyojua kwanza.
Kabla ya ofisi, kabla ya barua yenye muhuri,
kabla yangu mimi na keekee yangu na viatu vya mpira,
mbege ya Mama Ndeanasia, huku Pasua,
ilikataa kunyweka.
Mteja wa kwanza alitema.
Wa pili aliuliza kama siku hizi anapikia kibatari.

Akamgeukia mkamwana. Nani mwingine?
Aliyeshika ndoo ni Eliaichi.
Aliyetumwa dukani na chupa ya mafuta ya taa ni Eliaichi.
"Kikulacho," alisema, na hakumalizia;
binti alimalizia mwenyewe, akafunga kanga zake,
akapanda zake Kibosho, mtoto mgongoni.

Hayo nilisimuliwa baadaye, nimechuchumaa.
Siku ya kwanza niliona kisima tu:
mita tisa na nukta nne hadi maji,
na ndoo ilipopanda, juu yake utando
wenye rangi za shingo ya njiwa,
uzuri wa kipuuzi, usio na haya.

Maji ya chini huku hayaulizi njia.
Yanashuka toka mlimani, polepole, ndani ya majivu ya kale,
yakielekea kwenye miwa.
Basi nami nikapanda kinyume chake:
hatua sitini, shimo. Hatua sitini, shimo.

Udongo una pumzi. Utie mfukoni, ufunge,
uache juani dakika kumi, utasema.
Shimo la kwanza lilisema mvua na mizizi.
La pili: mvua, mizizi, choo cha mtu.
La tatu, nilifungua mfuko nikarudisha uso nyuma.
Wekundu wote ulikuwa umeutoka,
umebaki kijivu, kama mtu aliyekaa na habari mbaya.
La nne lilinifikisha kwenye ukuta wa sheli iliyofungwa,
pampu mbili bila mikono,
namba zimeganda kwenye bei ya zamani.

Mlinzi alinitolea daftari, mende wamelila pembeni.
Mwandiko wima, kalamu ya bluu.
Kijiti asubuhi. Kijiti jioni.
Upungufu wa dizeli, lita tisa.
Upungufu, lita kumi na moja.
*Upungufu*, na chini yake mistari miwili,
kama mtu anayegonga nyumba yenye watu ndani.
Kisha mwandiko mwingine.

"Huyo Kiwelu?" mlinzi akasema.
"Alifukuzwa. Mwizi wa mafuta."

Tulilifukua tangi. Lilipanda na minyororo, likilia.
Nililipapasa tumbo kama mkunga.
Tundu lenyewe
punje moja ya ulezi ingeliziba,
ulezi uleule anaouotesha Mama Ndeanasia juu ya gunia.
Miaka kumi na minne, tone kwa tone, gizani,
hadi kwenye ndoo ya Eliaichi.

Nimejaza fomu. Kina. Upana. Mwelekeo.
Chupa kumi na mbili, ndani ya barafu, zimekwenda maabara.
Nimeandika: kisima kifungwe.
Nimeandika: udongo uchimbwe, utandazwe, upumue.
Maji yakimwagika hayazoleki, tuliambiwa;
mafuta yanazoleka, kiasi,
kwa pampu, kwa fedha, kwa miaka ambayo sitakuwapo.
Fomu haina mahali pa kuandika nani alisingiziwa.

Jumamosi Mama Ndeanasia alikuja kuomba nakala.
Sikumwuliza ya nini.
Aliikunja mara nne, akaenda uani,
akarudi na jani la isale, bichi, refu,
akalifungia karatasi kwa fundo,
karatasi ya serikali, fundo la bibi yake,
akauliza gari la Kibosho linaondoka saa ngapi.

Nakala ya Kiwelu ninayo bado.
Nimemwulizia Majengo, nimemwulizia hadi Himo.
Mmoja alidhani anamkumbuka:
mtu mrefu, alisema,
aliyependa kuhesabu.