Milimita za Usiku Mmoja

Saa tatu asubuhi, kama kawaida,
nimevuka uwanja wa shule, viatu mkononi, daftari kwapani.
Kipimamvua kimeinama kidogo upande wa Wembere
kama mtu anayesikiliza kwa sikio moja.

Tangu Mei nimeandika sufuri,
sufuri, hadi kalamu ikazoea kuzunguka yenyewe.
Leo chupa ya ndani imefurika, kopo la nje limepokea.
Namimina kwenye bilauri: kumi, namwaga. Kumi, namwaga.
Mara kumi na moja. Kisha saba na nukta nne.
Nani Igunga nzima atakubali?

Kalunde alisahau kinu chake nje.
Ametumbukiza kijiti cha ufagio, akaweka alama kwa kucha:
"Yangu imefika hapa, mwalimu. Yako je?"
Yake ni kubwa. Lakini kinu kina mdomo mpana, tumbo jembamba;
kinu, kama mwenyewe, hutia chumvi.

Pale kwenye kata wana chombo cha kisasa,
vikombe viwili vinavyopokezana kama watoto kwenye pembea:
kimoja kikijaa kinainama, kinahesabiwa, chenzake kinapanda.
Kwa manyunyu hakina mpinzani.
Usiku wa jana kilikuwa karani wa pamba msimu umewaka,
gunia juu ya gunia, foleni mpaka barabarani.
Kiliandika sabini na tisa.
Mengine yalipita pembeni ya kalamu.

Na setilaiti, kwenye simu ya Ngassa, bwana shamba:
thelathini na moja.
Nikacheka. Kisha nikaacha kucheka,
maana hiyo hutazama eneo lote kwa jicho moja;
imechukua gharika yetu, imeigawa sawasawa
na vijiji ambavyo havikuona tone.
Kwa Mhoja, ng'ambo ya korongo, vumbi bado linafuata ng'ombe.
Kwenye ramani ameshakunywa.
Ikija orodha ya mahindi ya msaada, ramani ndiyo itakayosomwa.

Nikachimba kwa jembe nyuma ya darasa la nne.
Tope jeusi, shibiri moja.
Chini yake udongo wa Septemba, mkavu,
haujaambiwa lolote.

Ukutani kwa Nyanzala kuna mstari wa matope,
juu kidogo ya msumari anapotundika ungo.
Mbuzi wake sita hawakuwa warefu kama huo msumari.
Hajaniuliza huo mstari ni milimita ngapi,
nami sikuwa na bilauri ya kumjibu.

Fomu ya Tabora mjini ina kisanduku kimoja.
Nimeandika 117.4, kwa mwandiko ninaowafundishia watoto.
Pembeni, penye Maelezo, panaingia maneno matatu:
Kwa dakika hamsini.

Nikarudisha chupa ndani ya kopo,
nikashindilia jiwe upande uliolegea
mpaka kikasimama wima, kitupu,
mdomo wazi.