Kope la Chini

Alfajiri navuta kope la chini la kila mmoja,
natazama rangi.
Nyekundu kama pilipili: pita.
Waridi: pita, tutaonana kesho.
Nyeupe kama unga wa muhogo: simama hapa,
mwanangu, umenyonywa.

Mvua za Agosti zikishika Petit-Canal
minyoo hupanda majani kwa ngazi ya umande,
hukaa nchani kungoja ulimi.
Kaka yangu Anatole alileta beberu wa ng'ambo,
mrefu, masikio kama taulo,
kwa mkopo wa mavuno mawili ya miwa.
Akamnywesha dawa. Akamnywesha tena.
Chupa ya tatu minyoo waliinywa kama chai.
Taya likavimba, likaning'inia kama kifuko cha maji.
Tulimzika nyuma ya tangi.
Deni likabaki hai.

Na wewe, mweusi wa Kikrioli, mbuzi wa bibi,
mfupi kama kigoda cha jikoni,
hujawahi kuonja chupa.
Niseme kweli: dawa ilikuwa ghali,
na wewe ulikuwa rahisi.

Loïc wa kituo cha mifugo alikusanya vinyesi kwenye vikopo,
akaandika namba,
akainamia hadubini mpaka kahawa yake ikapoa.
"Huyu si kwamba hana minyoo," akasema.
"Anao. Ila wamedumaa, na mayai yao
nayahesabu kwa vidole."
Nikacheka. Nyumba ngapi nazijua za namna hiyo:
mgeni haondoki, lakini hanenepi.

Jumamosi akaja Virapin,
anatafuta beberu mweusi asiye na doa
wa sadaka ya hekaluni.
Akamwona mwanao.
Akazihesabu noti mara mbili juu ya boneti ya gari,
nami nikazihesabu kwa macho mara ya tatu,
maana paa langu linavuja
na fundi hali ahadi.
"Rudi mwakani," nikamwambia. "Huyu ana kazi."

Hakuuliza kazi gani. Ningemjibu nini?
Kwamba damu yake ina ubishi,
ubishi aliounyonya kabla ya maziwa,
nami nautaka uenee zizini kama uvumi,
kwa binti, kwa mjukuu,
hadi nisahau nilikoiweka chupa?

Mvua imeanza tena.
Ndoo chini ya tundu la paa inahesabu,
tone, tone.
Nje wanatafuna kwa giza majani yaleyale,
wote, walio na ubishi na wasio nao.
Kesho, kope.