Ukurasa wa Kumi na Moja

Sikuwahi kumsikia akihubiri.
Mimi ni wa msikitini, na Jumapili hufungua kibanda mapema,
hapa njia ya Osukuru inapoachana na lami.
Wamethodisti hupita na viatu vyao vya kubana,
wakanisalimu, nikawaitikia, basi.
Lakini Mchungaji Oketcho nilimsoma
kwa baiskeli yake, miaka ishirini na sita,
na chuma, ndugu yangu, hakijui kusingizia.

Pedeli ya kushoto iliisha kabla ya mwenzake:
goti la kulia lilikuwa bovu, wala hakulitaja.
Vumbi la kiwanda cha saruji liliganda kwenye mnyororo,
na chini yake udongo mwekundu wa Mulanda,
na chini yake tope la vinamasi nisivyovijua jina.
Nilikuwa nikikwangua, nahesabu safari.

Kerieri niliichomelea mara nne.
Ya kwanza, mabati ya kikanisa.
Ya pili, Athieno, uchungu umemshika usiku wa mvua;
mtoto hakungoja hospitali,
wakamwita Oyoo, wa njiani.
Ya tatu, mbao za jeneza la mlevi mmoja
aliyekataliwa na kwao, na makanisa, na sisi pia.
Ya nne hakuniambia.
Ulikuwa mwaka wa bunduki. Nilikuta damu kavu kwenye spoku,
nikaiosha,
naye kaukazia macho Mwamba wa Tororo
kana kwamba mlimani kuna mtu anamdai.

Deni lake limo humu, ukurasa wa kumi na moja.
Kiraka. Kiraka. Tyubu. Kiraka.
Alilipa kwa maharagwe, kwa chumvi,
na siku moja kwa kunisomea barua kutoka Jinja,
barua ya mwanangu, ambayo haikuandikwa na mwanangu.
Aliikunja polepole.
Hakuniombea. Aliuliza tu,
“Niondoke au nikae?”
Akakaa. Tulifunga kibanda gizani, kimya,
na siku ile nilifuta mstari mzima.

Kwenye mazishi walikuja wakubwa na magari.
Walitaja makanisa kumi na manne, vyeti,
mwaka aliowekewa mikono.
Nilisimama nyuma ya hema, kofia yangu kichwani,
nikingoja mtu aitaje kerieri.

Mjane wake ameileta. “Iuze,” kasema, “inanitazama.”
Wanunuzi walikuja watatu; nikawapandishia bei
mpaka wakanitukana.

Jana kaja Oyoo. Mrefu, ana haraka.
Hataki kuhubiri, anataka kubeba mkaa.
Nimemkazia breki, nikamtia mafuta, nikamwambia aende.
Pesa? Akaniuliza pesa.
Nimefungua daftari, chini kabisa, nikaandika:
Kerieri, mara ya tano.
Tarehe nimeiacha wazi.